Saa Yenye Nyuso Mbili

Kila Februari, kabla msimu wa wageni haujaanza,
napanda ngazi za kiwanda cha pamba cha Harrock
na mkoba wa bisibisi, chupa ya mafuta,
na mwaka huu Bryony, binti yangu, maana shule zimefungwa.
Mvua ya Derbyshire haina haraka;
inalowesha koti kwanza, kisha mawazo.

Bi Ollerenshaw anatufungulia. Funguo zake nzito kama deni.
Mimi ameshanitembeza mara kumi na tisa,
lakini hawezi kumwona mtoto akapita hivi hivi.

Chumba cha juu kilikuwa cha Bwana Jabez Royle, mwenye kiwanda:
darubini, mawe yenye vibandiko vya mwandiko mwembamba,
bomba la shaba la kunyonya hewa, na tungi la kioo.
Marafiki zake walikuja hapa usiku wa mwezi mpevu,
farasi wapate kuiona njia,
wakanywa mvinyo na kuulizana: Hewa ni nini?
Joto huishi wapi kabla halijafika mkononi?
Maswali mazuri. Sijasikia bora kuliko hayo.
Siku moja wakamtia chiriku ndani ya tungi, wakavuta hewa.
Akalegeza bawa moja, kisha la pili.
Daftari linasema: *vali ilifunguliwa kwa wakati*.

"Kwa wakati gani?" anauliza Bryony.
Ni mtoto wa fundi saa.

Chini kuna mashine za kusokota.
Bi Ollerenshaw anawasha moja, nusu dakika tu,
na sakafu inatupanda hadi kwenye meno.
Anaizima. Masikio yanaendelea kuvuma.
"Zilikuwa arobaini," anasema, na kufunika vumbi kwa kitambaa,
kisha anaifungua leja
kwenye ukurasa anaoujua bila miwani:

*Hannah Frith, miaka tisa.
Kuchelewa dakika kumi na moja. Faini peni mbili.*

Saa yangu imetundikwa juu ya mlango. Naiita yangu.
Uso wa juu unafuata pendulamu, ukisawazishwa na jua.
Uso wa chini uliungwa na gurudumu la maji,
na lango lilifungwa kwa uso wa chini.
Mto ulipofurika, akrabu zilikimbia,
na aliyefika na alfajiri ya Mungu alikuta komeo.
Mto ulipokauka, Agosti, zilijikokota,
na jioni ikakataa kufika.
Maji yakizidi, ni yeye. Yakipungua, ni yeye.

Naye Royle, aliyependa ukweli hadi akaupima kwa aunsi,
aliijua tofauti hiyo.
Aliiandika kila Jumamosi, safu nadhifu, wino mweusi.

Siku hizi mto umegeuzwa kwingine.
Uso wa chini unazungushwa na mota ndogo, kubwa kama ngumi,
na kazi yangu, kwa barua ya wadhamini,
ni kuhakikisha nyuso zote mbili zinasema neno moja.
Wageni hulalamika zisipopatana.

Nimepanda ngazi. Bryony ameshika tochi,
lakini mwanga unayumba; anatazama nyuma, kwenye leja.
"Ilikuwa mwezi gani?"
"Aprili."
"Mto ulikuwa umejaa?"
Bi Ollerenshaw ananyamaza,
kama mtu aliyeombwa kitu
alichokibeba mfukoni miaka mingi.
"Ulijaa," anasema. "Ulivunja daraja."

Natia mafuta. Nafuta kioo.
Kisha naisukuma akrabu ya chini mbele kwa ncha ya kidole,
dakika moja, tatu, saba,
kumi na moja.
Nafunga.

Bi Ollerenshaw anainua macho, anasoma juu, anasoma chini,
anatoa kijitabu chake cha zamu.
*Saa imekaguliwa,* anaandika. *Iko sawa.*

Garini, wakati vioo vinapofuka ukungu wa pumzi zetu,
Bryony anataka kujua kama yule chiriku aliruka tena.

Daftari halisemi.